Ngwe ya Mwenye Shamba

Wanangu mnaoanza kazi za misitu na mazingira, ninyi wenye buti mpya na simu zinazoona msitu kutoka angani, nawapa ushauri mmoja kabla ya mingine yote. Mkiandaa semina ya kulinda misitu, nendeni kwanza jikoni mkaone pilau linapikwa kwa moto gani.

Mimi sikwenda. Ilikuwa miaka ya tisini, mambo yote yamefunguliwa, biashara ruksa, mitumba imejaa hadi mlangoni pa ofisi, na kila gari lililopita Kilosa kwenda mjini lilikuwa na magunia ya mkaa juu ya paa. Nilisimama mbele ya wajumbe wa vijiji nikaueleza ubaya wa mkaa tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Nilichora kwenye bango kitita, nikapiga meza, nikakaribia kulia. Harufu ya pilau ilikuwa inaingia dirishani na mimi nikaihesabu kuwa ni baraka. Nilipouliza kama kuna swali, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama.

"Bwana Miti, mimi sina swali, nina ombi," alisema. "Ule mkaa mliochukua kwangu jana wa kupikia hiki chakula, gunia lake naomba mnirudishie. Magunia yamekuwa shida."

Ukumbi ulicheka mpaka wajumbe wengine wakatoka nje kupumua. Nami nilicheka, maana ningefanya nini? Nyani haoni kundule. Nyumbani kwangu mke wangu, Mama Tumaini, alipikia mkaa huo huo, tena mkaa mzuri, wa mti mgumu. Na mlango wa sebule yangu ulikuwa wa mninga mzito kiasi kwamba wageni walipobisha hodi waliumia vidole. Bwana Miti nisiyekuwa na mlango wa mninga ningeheshimiwa na nani?

Msidhani lakini kwamba nilikuwa mjinga wa kazi. Kazi nilifundishwa na Mzee Salehe, mkuu wangu wa kwanza, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, aliyeamini kwamba afisa wa misitu asiyejua kuchoma mkaa hawezi kumkamata mchoma mkaa. Alinikalisha kando ya tanuri mpaka macho yakavimba. Alinifundisha kusoma moshi. Moshi ukitoka mweupe na mzito, hayo ni maji, mti bado unalia. Ukianza kuwa mwembamba wenye rangi ya samawati, mkaa umeiva, ziba matundu yote upesi kwa udongo, ukichelewa utakuta majivu. Alinifundisha pia kwamba mtu anayepanga magogo mabichi, marefu kwa mafupi, anateketeza miti mingi kwa magunia machache. Ninyi mnapima haya kwa mashine siku hizi, na mashine zenu ni nzuri, ila hazivimbi macho.

Kisha akanipeleka getini Mikumi, kwenye barabara kuu, nikakague mizigo. Nilipewa bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchomea magunia. Nililipenda bambo lile kupita kiasi. Siku moja likaja lori la magunia, dereva akasema ni mchele wa harusi. Nikamwambia, harusi zote siku hizi zina mkaa ndani, nikachoma gunia la kwanza, nikachoma la pili, nikachoma mpaka la mwisho wa safu. Ulikuwa mchele. Ukaanza kumwagika barabarani kama bomba limepasuka. Nyani wa Mikumi, ambao siku zote hukaa kando ya lami wakisubiri bahati, wakashuka ukoo mzima. Mjomba wa bibi harusi aliteremka kwenye lori akaniita majina ambayo sijayasikia tena. Nikatumia mchana uliobaki kufukuza nyani kwa kofia ya serikali, na Mzee Salehe alipopata habari alisema tu kwamba sasa hata nyani wanamfahamu afisa wake.

Nawaambia haya ili mjue ni mtu wa namna gani aliyekabidhiwa kazi ya kuiokoa hewa ya dunia.

Ilikuwa hivi. Mashirika yalikuwa yanauzwa, ofisi zinapunguza watu, na kila mwisho wa mwezi tuliangaliana kwa kujiuliza nani atafuata. Hapo ukaja mradi kutoka Ulaya. Ulitaka vijiji vya milimani vitenge misitu yao isikatwe, kwa sababu miti inameza hewa ya ukaa ambayo ikizidi angani inaipasha dunia joto. Neno tabianchi lilikuwa halijatufikia, tulisema hewa chafu. Mratibu wa mradi alikuwa Dada Rehema, mdogo kwangu kwa umri na mkubwa kwangu kwa akili, na hilo la pili nililikubali baadaye. Mkuu wangu aliniambia waziwazi: kijiji kikikubali, mradi utabaki wilayani na mimi nitabaki na mradi. Kikikataa, nianze kutafuta shamba. Kwa hiyo ninaposema nilipigania hewa ya dunia, mnielewe. Nilikuwa napigania mshahara wangu.

Tulifundishwa Morogoro. Dada Rehema alieleza vizuri sana. Alisema mataifa yalikutana Japani, yakakubaliana kwamba nchi tajiri, zilizochoma makaa ya mawe na mafuta kwa vizazi, ndizo zipewe viwango vya kupunguza kwanza. Nchi kama yetu hazikufungwa viwango, ingawa nazo ni wadau, kwa sababu joto haliulizi pasipoti. Alisema wajibu ni wa wote lakini haulingani. Nilisikia, nikaandika, nikanywa chai. Mkono mtupu haulambwi, na posho ya semina ile ilikuwa nzuri.

Njiani kurudi nikaanza kufikiri jinsi ya kuwaeleza wanakijiji. Wajibu wa wote lakini haulingani! Maneno hayo yalinielemea. Nikaona nirahisishe: nitasema ni sawasawa kwa kila mtu, kwani sawasawa kila mtu anaielewa. Wanangu, mkiona mtu amerahisisha jambo ambalo limewashinda watu wa mataifa yote, kaeni mbali naye.

Kijiji chenyewe kilikuwa juu ya Chanzuru, mlimani, watu wake wakulima, Waanglikana wa tangu enzi za babu zao, wenye kusikiliza kwa utulivu unaotisha. Tulikutana darasani. Nikasema kila nchi, kila kijiji, kila jiko, sote tupunguze sawasawa, na kijiji hiki kianze kwa kufunga msitu wote na kuacha mkaa kuanzia msimu huo. Kisha akasimama Yeremia.

Yeremia alikuwa amenizidi miaka kadhaa. Zamani alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, kwenye shamba moja kubwa huko bondeni. Shamba lilipobadilisha mmiliki likapunguza watu, naye akarudi kwao mlimani na mikono miwili. Akachoma mkaa. Alikuwa mchoma mkaa bora kuliko wote niliowahi kuwaona, Mzee Salehe angempenda. Watoto wake walikula na kusoma kwa tanuri lile.

"Bwana Miti," alisema, "huo moshi uliojaa huko juu, mwingi ni wa nani?"

Nikajibu ukweli, kwa sababu Dada Rehema alikuwa amekaa nyuma ananitazama. Nikasema mwingi ni wa nchi za viwanda, wa tangu zamani.

"Na wa kwangu?"

"Wako ni kidogo mno, kaka. Haupimiki."

"Basi sikiliza. Mimi nilipunguzwa mkonge kwa faida ya uchumi. Nilikubali, ningefanyaje. Leo umekuja kunipunguza tena kwa faida ya hewa. Hivi dunia nzima hakuna mwingine wa kupunguzwa isipokuwa mimi?"

Watu waliguna. Mwenyekiti wa kijiji akagonga dawati, naye Yeremia akaendelea kwa upole, kama mtu anayemweleza mkwe.

"Sisi hapa tuna kazi ya togwa. Unaifahamu."

Niliifahamu. Kule milimani mtu akizidiwa na shamba hupika togwa, huwaita majirani, kila mmoja hupimiwa ngwe yake, kipande chake cha kulima. Mwenye nguvu hupewa ndefu, mjane hupewa fupi, bibi asiyeweza jembe hubeba maji au huanzisha wimbo, na hakuna anayekaa bure. Ila kuna sharti moja ambalo hata mtoto analijua. Mwenye shamba ndiye huanza, na ngwe yake ni ile ya upande wa visiki. Majembe ya waalikwa hayaingii ardhini mpaka wauone mgongo wake, maana yake awe ameinama na kusonga mbele kweli. Ukiita watu halafu ukasimama kivulini, watakunywa togwa yako na kwenda zao.

"Hatujakataa kazi," Yeremia alisema. "Umekuja kutuita kwenye shamba, sawa. Sasa mwenye shamba yuko wapi?"

Hapo ndipo nilipoharibu. Mtu mwenye busara angesema ngoja nikaulize. Mimi niliuona mshahara wangu unatoka mlangoni, nikajibu upesi, "Anakuja! Wiki ijayo mwenye shamba atakuwa hapa hapa!"

Nilikuwa namfikiria mgeni wa mradi, mtu wa Ulaya aliyekuwa njiani kuja kushuhudia kijiji kikitia saini. Nilifikiri akija, akasalimia watu na kugawa kofia, mambo yatakwisha. Watu wakatikisa vichwa wakaridhika. Ndani ya Landrova Dada Rehema aliniuliza, "Kaka, unajua ulichowaahidi?" Nikamwambia asihofu, hawa watu ninawajua. Akatazama dirishani mpaka Kilosa mjini.

Wiki ikafika. Mgeni jina lake lilitushinda, tukamwita Bwana Petro, naye akalipenda. Alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye kofia pana na mafuta meupe puani. Tulipofika tulikuta kijiji kizima kando ya shule, penye kipande cha ardhi ambapo mradi ulitaka kuotesha miche. Nyasi zilikuwa ndefu, upande mmoja umejaa visiki. Wanawake walikuwa na mitungi ya togwa, na mke wa Yeremia ameshika kata ya kugawia. Wanaume walikuwa wamejipanga mstari, kila mmoja na jembe lake mbele ya ngwe yake. Meza yenye karatasi za kutia saini ilikuwa mbali, mtini, hakuna aliyeiangalia.

Mwenyekiti akamkaribisha mgeni kwa maneno mazuri, kisha akampa jembe. Ngwe ya upande wa visiki ilikuwa wazi, inamsubiri.

"Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," mtu mmoja alinong'ona nyuma yangu. "Huyu hata hatukungoja ya tatu." Wakacheka.

Bwana Petro alidhani ni sherehe ya jadi. Akafurahi sana. Akampa Dada Rehema kamera, akapiga jembe mara chache, akasimama, akatugeuzia uso wenye tabasamu, akisubiri makofi. Makofi hayakuja. Mstari mzima ulisimama kama ulivyokuwa, mikono juu ya mipini, wanamtazama kwa heshima. Akapiga jembe tena kidogo, akatugeukia tena. Jua lilikuwa limepanda na jasho lilikuwa linayateremsha yale mafuta ya puani.

Akaniuliza kwa Kiingereza, "Wanangoja nini?"

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Kiingereza changu kilikuwa cha kutosha kudanganya. Nikamwambia kwamba wanafurahi, ila watu wa huku hufurahi kimyakimya. Akaitikia kwa kichwa akajaribu kufurahi kimyakimya nao. Nawaapia sijawahi kuona watu wengi kiasi kile wakitazamana kwa muda mrefu kiasi kile bila mtu hata mmoja kukosewa adabu. Mwishowe Yeremia akaita kutoka kwenye ngwe yake.

"Bwana Miti, mwambie bado hatujauona mgongo wake."

Nilimtazama Dada Rehema nikitumaini ataniokoa. Akasema, "Tafsiri, kaka. Hiyo ndiyo kazi yako." Basi nikatafsiri. Nikaeleza yote, kazi ya togwa, ngwe, visiki, na ahadi yangu ya wiki iliyopita kwamba mwenye shamba anakuja. Sikuongeza wala sikupunguza, ingawa nilijua kazi yangu imekwisha.

Bwana Petro alisikiliza mpaka mwisho. Sikio lake likawa jekundu. Akauliza, "Ngwe yangu inaishia wapi?" Nikamwonyesha, kule chini karibu na kichaka, visiki vitupu njia nzima. Akatazama. Halafu akatugeuzia mgongo, akainama, akalima. Nampa haki yake. Hakujua kulima, jembe lilikuwa linaruka kwenye mizizi na kumrudia magotini, lakini alilima, na mstari mzima ukamtazama bila kucheka. Alifika mahali akasimama. Viganja vilikuwa vimepasuka malengelenge. Akaniomba nitafsiri tena.

"Waambie siwezi kuifikisha mwisho. Mimi nimetumwa na ofisi. Ofisi imetumwa na serikali. Serikali inawaogopa wananchi, na wananchi wa kwetu hawapendi kuambiwa wapunguze magari yao. Nikisema ndiyo hapa, nitakuwa nawadanganya."

Nilitafsiri hilo pia. Yeremia akaweka jembe chini, akamwendea, akampokea jembe lake kwa mikono miwili.

"Pole sana, baba," alisema. "Kumbe na wewe umetumwa tu, kama Bwana Miti wetu. Hatuwezi kukulimisha shamba la watu. Njoo unywe togwa."

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Watu walianza kusogelea mitungi, nami nilikuwa nawaza shamba la kutafuta, Tindiga ama Magole, na jinsi nitakavyomwambia Mama Tumaini. Lakini Yeremia hakuondoka pale. Alibaki amesimama kwenye kile kipande alicholima mgeni, jembe la mgeni mkononi.

"Hilo la dunia lina wenyewe, na hawajaja," alisema, sasa akiwageukia wenzake. "Ila lipo la kwetu. Chemchemi kule juu imepungua, wote mnajua, mnanyamaza kwa kunionea haya. Pale juu ya chemchemi nani amekata kuliko wote?"

Akajielekezea kidole kifuani.

"Ni mimi. Basi pale mwenye shamba ni mimi. Kuanzia leo navunja tanuri langu. Mkishauona mgongo wangu, nanyi mfuate, kila mtu kwa ngwe yake."

Mke wake alikuwa bado ameshika kata. Alisema mbele ya watu wote, mbele ya mgeni na serikali, "Na watoto watakula huo mgongo wako?"

Bwana Petro akaniuliza mama anasema nini, na hilo ndilo neno pekee siku ile nililoshindwa kulitafsiri.

Karatasi zilitiwa saini, si kama nilivyotaka. Kijiji kilikubali kuufunga msitu wa juu ya chemchemi. Penye sehemu ya kupunguza hewa chafu ya dunia, mwenyekiti alisema paachwe wazi mpaka mgongo uonekane, na Dada Rehema akaandika hivyo hivyo. Wakubwa wa mradi hawakuipenda nafasi ile iliyoachwa wazi. Mradi ukahamia wilaya nyingine, penye watu wepesi wa saini.

Nami nikakaa nikingoja kupunguzwa. Nilimwambia Mama Tumaini ajiandae, akaanza kukausha muhogo kana kwamba vita inakuja. Miezi ikapita. Watu wengine ofisini waliondoka, tena waliokuwa bora kuliko mimi, jina langu halikutajwa. Baadaye nikajua Dada Rehema aliandika kwamba nilikuwa mkalimani mwaminifu. Mimi! Niliyesema watu wanafurahi kimyakimya!

Kwa hiyo hesabu ya jambo lile ikawa hivi. Bwana Petro alirudi kwao na malengelenge, na naamini yalipona. Mimi niliyeogopa kuliko wote sikupoteza hata siku moja ya mshahara, na mlango wangu wa mninga bado upo, unabishwa. Yeremia, ambaye moshi wake haupimiki, ndiye aliyezima moto. Alilivunja tanuri lake mwenyewe, na msimu ule akashuka Tindiga kulima vibarua kwenye mpunga wa watu. Mwanawe wa pili alifaulu kwenda sekondari akakaa nyumbani mwaka mzima kwa kukosa ada. Niliona aibu, na aibu ile haijanitoka. Chemchemi ilirudi, hilo ni kweli, wenzake walimfuata mmoja mmoja na leo maji yanafika mpaka shuleni. Lakini mtoto hukaa nyumbani mwaka ule ule, na mwaka hausubiri chemchemi.

Nilimnunulia daftari yule mtoto. Nalitaja daftari hilo mjue nilivyokuwa karimu.

Tangu hapo, kila tulipokutana na Yeremia, sokoni Kilosa au msibani, mazungumzo yetu yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, kaka Yeremia."

"Marahaba, Bwana Miti. Vipi, mgongo umeonekana?"

"Bado wanakutana."

"Bado?"

"Bado. Safari hii wanakutana mji mwingine."

Naye alicheka, nami nilicheka, na watu waliotuzunguka wakadhani tuna utani wa ukoo. Nilikuwa nafuatilia redioni ili nisikose jibu. Nilimpa habari za kila mkutano, nani amekubali, nani amejitoa, nani ameahidi kwamba watakaokuja baada yake wataanza. Nikajiona nimekuwa balozi. Nilipostaafu wakaniaga kwa hotuba na saa ya ukutani, na hata siku ile kwenye hotuba yangu nilikisimulia kisa cha mgongo, wakubwa wakapiga makofi, nikapewa soda ya pili. Nimekisimulia mahali pengi. Nilikuwa nakisimulia vizuri.

Mwaka huu nilipanda mlimani kumsalimia. Amezeeka, magoti hayamsaidii, anakaa barazani na fimbo. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, akamwita mjukuu alete togwa, akauliza habari za Mama Tumaini, za mvua, za bei ya mahindi. Mimi nilikuwa na jibu langu tayari, mkutano wa karibuni nilikuwa nimeusikiliza wote. Akaendelea na mahindi. Nikangoja, nikashindwa.

"Kaka, leo hujaniuliza kuhusu mgongo."

Alinitazama bila hasira.

"Nimeacha," alisema. "Miaka yote ile nilikuwa nakuuliza wewe nikidhani ipo siku utachoka kunijibu, uende ukawaulize wao."

Nilishika kikombe cha togwa bila kunywa. Nimekwenda semina, nimepanda ndege ya mradi, nimekaa meza moja na wageni wa nchi hizo za viwanda zaidi ya mara moja, nimekula chakula chao na kuwachekesha kwa kisa hiki hiki. Wanangu, kuwauliza, sikuwahi kuwauliza.